Nilivyowatania Wazigua Ukumbini

Kwamndolwa,
Korogwe.
21 Septemba, 2024.

Mpendwa shangazi Loveness,

Shikamoo. Habari za Mpanda, na miguu yako inaendeleaje? Mama ametuambia uvimbe umepungua, tukafurahi. Huku mahindi tumeshavuna, na baba anakohoa kidogo, vumbi tu. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nina hasira, na nisipoimwaga kwako itanipasua.

Nilikwambia kwenye simu kwamba shule imenichagua kwenye mashindano ya hotuba za uzalendo ya kidato cha tano na cha sita, Handeni na Korogwe pamoja. Niliandika hotuba yangu wiki mbili nzima. Nilimwandika babu yenu Habakuki, alivyotoka Tabora kuja kukata mkonge, akafia kambini akiacha mke na mtoto mchanga, hana ndugu wa kumzika. Aliyeingia kaburini kumpokea ni Mzee Mdoe, Mzigua, mtani wake. Nikasema nchi hii ilianza kuungana pale, kabla hata hatujawa na wimbo wa taifa.

Mwalimu anayetusimamia akasoma, akasema makaburi si uzalendo. Akanipa karatasi mbili zilizochapwa nikariri. Shangazi, ndani yake hamna mtu hata mmoja, ni amani, umoja na mshikamano tangu juu mpaka chini. Nilikariri, ningefanyaje, na yeye ni mwalimu?

Alhamisi tukaenda Chanika, pale Handeni mjini. Wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa Yusra, msichana wa Handeni. Akafungua mdomo, nikasikia karatasi zangu zile zile, neno kwa neno. Wa pili naye vivyo hivyo. Kumbe hotuba moja imezunguka wilaya mbili, na majaji wanaitikia kwa vichwa kama watu waliokuwa wakiingoja. Niliona aibu mimi kwa ajili ya wote.

Zamu yangu ilipofika karatasi niliziacha kitini. Nikaanza kama sisi Wanyamwezi tunavyoanza siku zote na watani wetu: "Ninyi Wazigua, wavivu wa jembe, hodari wa ugali, leo mtanisikiliza." Ukumbi ukacheka, kina mama wa nyuma wakanijibu kwa utani wao. Lakini jaji mmoja, mgeni wa mkoa huu, akagonga meza. Akaniuliza kwenye kipaza sauti, "Binti, kwenu hasa ni wapi?"

Nikajibu Kwamndolwa. Akasema hapana, kwa asili. Shangazi, wewe na baba mmezaliwa hapa, babu yenu kalala hapa, halafu mtu aliyeletwa na gari juzi aniulize mimi kwetu, tena kwenye mashindano ya kuipenda nchi! Hotuba ya babu ikaishia hapo, nikawa wa mwisho. Yusra akashinda, na simlaumu, naye alipewa tu kama mimi.

Sasa mwalimu anataka Jumatatu nilete barua ya kuomba radhi kwa kuwatukana wenyeji, na nije na mzazi, la sivyo nitasimamishwa shule. Unamjua baba anavyowaogopa walimu. Akasema niandike tu yaishe. Nililia, wala si kwa woga. Nikiiandika barua hiyo nitakuwa nimekubali kwamba mimi hapa ni mgeni.

Jana alasiri akaja Mwinjuma, mjukuu wa Mzee Mdoe. Alikuwa ameyasikia sokoni. Akataka nirudie tusi lenyewe, nikarudia, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamgeukia baba, kicheko kimekwisha.

"Jumatatu nakuja nanyi. Aliyetukanwa ni mimi. Huyo mwalimu nani kamtuma anikasirikie?"

Baba akaniambia nifunge daftari la ile barua ya radhi, nikampigie pasi shati la kanisani.

Wasalimie kaka Godlisten, Asnath na wanawe. Mungu akuponye miguu, akuongezee siku tuonane.

Wako akupendaye na kukuombea,

Hilaria,
wa Kwamndolwa.