Jogoo wa Kukombolea Gitaa la Krispini

Mwamkulu, Mpanda
9 Juni 2024

Mtani wangu Nestori Malale,

Salamu zikufikie huko Ugalla, wewe na mke wako Generosa, wajukuu na hata nyuki wako. Natumaini kifua kimekuachia. Mimi moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Binti yangu Leticia alitaka nikupigie simu. Nimekataa. Kwenye simu ungenitania, nami ningepata pa kujificha.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Mwezi wa pili nilinunua gitaa la besi kutoka kwa kwaya moja ya Katumba. Ni la umeme, la nyuzi nne, na limezidi miaka hamsini. Walilipaka rangi ya buluu ya madirisha, wakapaka mpaka sumaku zake za kunasa sauti. Sikio moja la kukazia uzi lilikuwa limeng'oka, wakapigilia msumari. Shingo ilikuwa imepinda, maana walilisimamisha stoo nyuma ya magunia ya mahindi. Mzee wa kwaya, Josephat, akajivuna kwamba wamelitunza sana. Nikamuuliza kama na mke wake anamtunza hivyo. Wanakwaya wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Nikalipeleka kwa Cletus, fundi redio wa sokoni. Naye akaniambia, Babu, haya mambo ya kale tuyang'oe yote, tuweke vifaa vya Kichina, wiki moja tu litanguruma. Nilimgombeza mbele ya wateja wake. Nilimwambia asiponirudishia kila skrubu nitafia humo humo kibandani mwake, aone kazi ya kusafirisha maiti ya mwalimu. Akanipa stuli, tukafanya kazi pamoja. Yeye aliunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, mmoja mmoja. Mimi nilikwangua rangi kwa kisu na msasa, kazi dakika tano, kupumua dakika kumi. Chuma kilichomo ndani ya shingo tulikikaza robo mzunguko kwa siku, kwa sababu mti ukiulazimisha unapasuka. Kipande kinachopanga nyuzi kule juu kilikuwa kimevunjika, nikachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Nyuzi zilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Chini ya buluu ikatokea nyekundu. Na nyuma, karibu na shingo, ikatokea herufi K iliyochorwa kwa msumari.

Ndiyo, Nestori. Ni gitaa la kaka yako Krispini.

Unakumbuka mazishi yake mwaka 1983. Koo zetu ni za utani tangu kwa babu zetu, nami nikafanya kazi ya mtani. Nilinyakua gitaa mbele ya waombolezaji, nikapiga kelele kwamba marehemu ni mvivu, amelala na dansi halijaisha, na kwamba sitaliachia gitaa mpaka nyie Malale mniletee jogoo mwenye kucha ndefu kuliko za shangazi yenu. Mama yenu, Mama Marsela, alicheka. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mwanawe akate roho. Na kila mtu alijua kinachofuata: kabla ya kuanua matanga mnaleta jogoo, narudisha gitaa, yanaisha.

Hayakuisha. Mama yako alisema wewe umeshalichukua na kuliuza. Ukaapa kwamba hujaligusa. Akakufukuza nyumbani, na akafa miaka sita baadaye hajaonja chakula chochote ulichompelekea.

Sasa soma polepole. Mama yako alimleta jogoo. Alikuja siku ya tatu, peke yake, kwa miguu, jogoo mwekundu kwapani. Gitaa lilikuwa uvunguni mwa kitanda changu. Nilimpokea yule jogoo, nikamwambia kwamba Nestori amelichukua asubuhi ile.

Nililitaka, basi. Ile bendi ya dansi ya Krispini ilinijaribu mimi kwenye besi kabla yake, wakacheka, wakanirudishia manyanga ya kutikisa. Sikuvumilia kuona gitaa lile linarudi tena kwa Malale.

Uliponiuliza, nilikwambia sijasema kitu kama hicho, gitaa liliibwa barazani kwangu, na msiba umemchanganya mama akili. Mara tatu uliniomba twende wote kwake. Mara ya kwanza nilikuwa nasahihisha mitihani, mara ya pili nina malaria, mara ya tatu sikufungua mlango. Yeye akaniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Wewe ukaniamini kwa sababu mimi ni mtani.

Na kulipiga sikuweza. Baada ya mwezi nililifunga ndani ya mkeka, nikalipeleka Katumba kwa baiskeli, nikawapa kwaya bure. Wakaniombea baraka. Mwaka huu nimenunua kitu nilichokigawa mwenyewe.

Na wewe, kila msimu wa kurina, unaniletea ndoo ya asali, eti kwa kuwa mimi peke yangu sikukuacha. Miaka arobaini! Nimeila asali hiyo nikikuchukia kwa upole wako. Kwa nini hukunishuku hata siku moja? Kwa nini hukunikaba shati? Usilete tena. Watu hapa wananiita msema kweli, na kila wakiniita hivyo natamani kuwatemea mate, kisha nakumbuka wa kutemewa ni nani.

Jumamosi Leticia atakuletea gitaa, na jogoo mwekundu. Jogoo si zawadi. Ni badala ya yule jogoo wa mama yako niliyemla.

Najua nyumba yake hukuiuza, na mlango wake wa mninga bado upo. Umeme ulipokosekana, Krispini alikandamiza kichwa cha gitaa kwenye mlango huo, nyumba nzima ikavuma, na mama akasema mlango wake umepata sauti. Nenda. Kandamiza kichwa cha gitaa pale pale, upige uzi ule mnene, umwambie mama yako hukulichukua.

Msalimie Generosa na watoto wote. Siku yangu ikifika, usije kunifanyia utani. Njoo umenuna, au baki Ugalla. Nyanyua kalamu ukitaka kunitukana tu. Nitasoma, kama bado nipo.

Aliyekuwa mtani wako,
Mwalimu Kassiani Lyamba