Jicho Analofumba Nyamusi

Homa Bay,
11 Machi 1996

Mwanangu Mayaka,

Kosa la watu wengi ni kumnusa mdomo mtu anayepepesuka kabla ya kumwuliza anaona nini. Nimelisema hata kabla ya salamu kwa sababu barua yako imenisumbua. Sasa salamu: mimi na mama yako mdogo, Benta, tu wazima, isipokuwa goti langu. Ninyi hapo Awendo?

Unasema mkeo Nyamusi anayumba akitoka kuteka maji, na kanisani anainamisha kichwa, anafumba jicho moja akimtazama Jared, mwalimu wa kwaya. Wewe unaona anamkonyeza, na utampeleka mbele ya wazee wa kanisa.

Ngoja. Nimetibu watu miaka mingi. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kinachotuambia juu ni wapi, na macho hukitegemea ili yakae sawa. Cha upande mmoja kikiugua, jicho la upande huo laweza kushuka kidogo kuliko la pili. Mtu anaona kitu kimoja viwili, kimoja juu ya kingine. Anainamisha kichwa apate nafuu, anafumba jicho ili kimoja kipotee.

Mwonyeshe kidole kimoja mahali Jared hayupo, umwulize ni vingapi. Uliza pia kama sikio linavuma.

Baba Mdogo wako,
Machuki

Awendo,
18 Machi 1996

Baba Mdogo,

Sisi hatujambo. Pole kwa goti, usiliache sana kwenye baridi ya ziwa.

Nilimwuliza jikoni. Akasema vidole ni viwili. Nikamwuliza mimi ananionaje. Akasema, "Nikifumbua yote mko wawili, na wote mmenuna."

Nilikaribia kucheka. Lakini jibu lilikuja upesi, kama la mtu aliyefundishwa. Je, ulimwandikia na yeye? Na mbona anafumba la kushoto, upande anaosimama Jared? Anasema sikio la kushoto linavuma tangu homa ya Januari, na kwamba aliniambia, nikamjibu aache nisikilize redio. Sikumbuki.

Nimemrudisha kwa mama yake Migori mpaka wazee wakae.

Mwanao,
Mayaka

Homa Bay,
22 Machi 1996

Mwanangu,

Goti limepoa, asante. Tunakuombea.

Sijamwandikia neno. Hakuna anayefundishwa kumwona mumewe mara mbili. Sikio la kushoto ndilo linalovuma, na jicho la kushoto ndilo lililoshuka. Jared akihamia kulia, Nyamusi atafumba hilohilo.

Jambo moja zaidi. Dalili hizi mara nyingine hutoka kwenye ubongo, si sikioni, na hapo kuchelewa ni hatari. Mimi kwa barua siwezi kutofautisha. Wazee wa kanisa pia hawawezi. Benta ananiambia niandike kwamba redio ingengoja.

Ukimaliza kusoma, leo hii, nenda Migori, umshike mkono asianguke, umpeleke hospitali.

Baba Mdogo wako,
Machuki