Kinundu cha Milimita Kumi na Mbili

Mpendwa kaka Mwakio,

Mama alipoteza sauti mwezi wa nne mwaka huu. Ilianza kukwaruza, tukadhani ni mafua, kisha ikaisha. Sasa ananong'ona, na hata huko kunamchosha. Naanza na hilo kwa sababu wewe uko Nairobi, na ukipiga simu unaambiwa tu kwamba amelala.

Unaikumbuka ile sauti. Sisi tumejificha kwenye mahindi kule Mbololo, yeye amesimama juu karibu na jikoni, anakuita wewe kwanza kwa kuwa ndiwe kifungua mimba. Ulikuwa ukinishika mkono. "Tulia, Wakesho. Hiyo bado ni ya chakula. Ikifika ya fimbo nitakuambia." Hukukosea hata siku moja. Ulikuwa na masikio, kaka.

Mwaka juzi mama alipovimba shingo, ulikuja ukasema mzaliwa wa kwanza ndiye anayesimama na mama mbele ya daktari. Kwetu ni hivyo, sikubishana, nikabaki dukani hapa Voi. Jioni mlirudi, shingo yake imelala sawa kabisa. Ukatutangazia kwenye kundi la familia: "Altrasaundi imepigwa, sindano imepigwa, ni maji tu." Jumamosi hiyo binti yako akaolewa. Mama akaimba mbele ya wageni, na mashangazi wakamzunguka wakimpapasa shingo. "Kumbe ulikuwa umebeba mtungi wa watu," wakamtania. Hata mimi nilicheka.

Mwezi uliopita nilimrudisha kliniki ile ile uliyompeleka. Dada wa altrasaundi ni yule yule, akazifungua picha za kwanza. Vinundu vilikuwa viwili, kaka. Kikubwa kilikuwa milimita arobaini na moja, maji matupu ndani, hakina la kupimwa. Kidogo kilikuwa milimita kumi na mbili tu, lakini ni kigumu, kingo zimechongoka, na ndani kina vidoti vyeupe.

"Hatuangalii ukubwa peke yake," akaniambia. "Tunaangalia umbo, na ndani kuna nini. Hiki kidogo ndicho nilichosema kitolewe chembe kwa sindano, ziende maabara. Nilimwonyesha kaka yako kwa kidole. Akasema mtarudi harusi ikiisha."

Kwa hiyo ile sindano yako ilikuwa ya kufyonza maji ya kile kikubwa. Ya kupima haikupigwa kabisa. Sasa imepigwa, na jibu ni saratani. Kidogo kimefika milimita ishirini na saba, zaidi ya mara mbili, na kimebana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Jumatatu anapasuliwa. Daktari ana matumaini na maisha yake. Sauti hakuahidi.

Mimi nilianza kuuza misumari kwenye meza ya kando ya barabara, leo nauza mabati. Kuna wateja huniambia niwape bati jipya la upande unaoonekana barabarani, upande wa nyuma utangoja. Huwa nawauliza kama mvua inajua barabara iko wapi. Sasa wewe, msomi wetu, ulimtengeneza mama upande wa picha za harusi.

Nilipomweleza, alininong'oneza, "Mwache, pengine hakuelewa." Kisha akanivuta karibu tena. "Lakini muulize."

Basi nakuuliza, tena hapa kwenye kundi la familia, kwa kuwa hapa ndipo ulipotutangazia. Siku ile, ulisikia habari ya kile kidogo, au hukusikia? Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Usinieleze pilikapilika za harusi, nilikuwepo.

Piga simu Jumapili, saa nane mchana, kabla hatujampeleka kulazwa. Simu yangu itakuwa mezani, nimeiweka kwa sauti ya juu. Mama hataweza kukujibu, lakini masikio yake ni mazima. Mwambie ndiyo au la.

Mdogo wako uliyemshika mkono,
Wakesho