Mtu wa Bwasa Hapandi Kahawa

Papa,

Wamenipa shamba lako, na wamenipa vibaya. Nakuandikia nikiwa hapa Majengo, cherehani nimeifunika, hasira bado haijaniisha, na wewe ndiye mtu pekee ambaye ningetaka kumpigia kelele leo.

Nianze na habari za mji, maana ungeuliza. Goma imebadilisha wakubwa tena. Benki zimefunga, ndege hazitui. Yule muzee rafiki yako wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, uliyemgawia mananasi kila mashua ya kisiwa chetu cha Idjwi ilipofika, hema lake limebomolewa, nasikia amerudi kulima kwao. Lakini watu bado wanaoana na bado wananiletea vitenge nishone. Wewe ungetikisa kichwa na kusema neno lako lile lile: "Serikali inapitaka, kalinzi inabakiaka."

Nilipokuwa mdogo nilidhani Kalinzi ni jina la mtu, mkubwa fulani wa kisiwani asiyezeeka. Ulicheka mpaka ukaweka kisu chini, kisha ukanieleza huku ukimenya nanasi. Kalinzi ni ng'ombe anayepelekwa kwa mwami, mtawala wa kisiwa, na udongo unakuwa wako na wa kizazi chako. Bwasa ni udongo wa kuazima tu. "Mutu wa bwasa anapandaka maharagi. Kahawa hapandake, juu kahawa inazeekaka na mwenyewe." Nilikariri maneno hayo kama katekisimu: kahawa hupandwa na mwenye udongo tu.

Siku tulipokuvusha ziwa kwenda kukuzika, wamama wa soko la Kituku walisali rozari ndani ya mashua mpaka tukafika. Tukakulaza juu kidogo ya matete, pale ulipopenda kukaa asubuhi. Na matanga hayajaisha, Papa, chai ya wageni bado iko motoni, nikamwona mdogo wako, papa mudogo Bahati, anapima ufuko kwa hatua. Nyuma yake kuna bwana wa Bukavu mwenye viatu vya kung'aa. Wanataka hoteli. Wakate matete, wamwage mchanga, waweke viti na majiko ya kuchomea samaki.

Matete yale! Uliwakatalia hata wakwe zako walipotaka ya kuezekea. Humo samaki wanazaa, mdiria wanavizia, na fisi maji wanalea watoto wao wakipiga miluzi kama wanafunzi waliochelewa shule. Kima wa msituni ulishawazika kwa macho, mti baada ya mti, mashamba yakipanda mlima. Ndiyo maana hukutaka kuwapoteza na hawa. Ulisema kila mtu kisiwani ana wa kumtetea, mwami, kapita, padri. "Lakini hii nyama ya mayi haina hata karte ya uchaguzi. Basi deputé yao ni mimi." Watu walikucheka. Nami nilicheka. Sasa deputé, mbunge wa fisi maji, amelala, na wapiga kura wake hawajui.

Tulikaa kwa kapita, mkuu wa kijiji, kuamua shamba ni la nani, wazee kwenye mabenchi, kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, katikati. Papa mudogo akasimama, akajifuta machozi (alikuwa nayo kweli, simnyimi haki hiyo), akasema ng'ombe wa kalinzi alimtoa yeye, na wewe ulilima kwa bwasa yake tu. Bwasa inakufa na mtu. Walioshuhudia ng'ombe yule wote wako kaburini kama wewe. Wazee wakanitazama.

Unamjua mdogo wako. Hajawahi kukataa nafasi ya kujisifu. Kwa hiyo sikubishana naye. Nilimuuliza kwa adabu, kama mtoto anayeomba hadithi: "Papa mudogo, ile kahawa nani alipanda?" Akapanua kifua. Akasema uliipanda wewe, grand frère, kaka yake mkubwa, lakini aliyebeba miche kichwani kutoka ng'ambo ya kisiwa ni yeye, peke yake, na mvua juu. "Sikukuwa hata na ndevu!" Pale pale mama mmoja mzee aliyekuwa amesinzia akafumbua jicho: "Haukukuwa na ndevu, na ulikuwa na ngombe ya kupelekea mwami?" Hata kapita alitema kasiksi. Kisha wazee wakasema wenyewe lile neno la maharage na kahawa. Papa, ningekufa kwa furaha nije nikukute huko uliko.

Bwana wa viatu alipanda mashua siku hiyo hiyo. Nami nikasimama nishukuru, nikiamini yamekwisha. Kapita akaninyooshea mkono nikae. Shamba ni la marehemu, alisema, hilo limeonekana. Ila mtoto mwanamke ataolewa, na udongo hauolewi. Kwa hiyo nitalishika kwa bwasa mpaka ukoo upate mwanaume wa kulichukua. "Ulime maharagi yako, mama, hakuna mutu atakusumbua." Alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Bwasa. Mimi. Kwenye udongo ulimolala wewe.

Nililia, sikufichi. Nililia nikishuka mpaka kaburini, nikakaa mahali pako. Fisi maji mmoja akatoa kichwa majini, akaniangalia, akazama. Chini ya mibuni yako nikaona miche imejiotea yenyewe, mingi, kahawa iliyoanguka bila wewe kuiokota. Nikavua kitenge cha msiba kiunoni, nikaenda kuazima jembe.

Walipoamka waliikuta miche imepandwa. Mstari mmoja kutoka kichwani pako hadi kwenye matete, kila mche na kivuli chake cha majani ya mgomba. Papa mudogo alipita, akasimama, akaihesabu miche, akaenda zake. Kapita naye amepita. Wote wanajua kusoma mstari ule, hakuna aliyelelewa kisiwani asiyejua. Mpaka leo hajaonekana wa kung'oa. Wakija kung'oa, nitapanda tena, na miche haijaisha.

Lala, Papa. Wapiga kura wako nimewachukua mimi, na matete hayatakatwa nikiwa na pumzi. Wamenipa maharage. Nimepanda kahawa, na nitazeeka nayo.

Mwanao,
Nsimire