Mbwa wa Bohari na Nguo ya Kaki

Jumatatu, 7 Oktoba 1963

Siku ya sita. Saa kumi na mbili unusu asubuhi nimevua kanzu, nimevaa shati na kaptula ya kaki, nimempelekea mbwa ugali na utumbo. Amenirukia mpaka mnyororo ukamkaba. Nimelisukuma bakuli kwa ufito. Hakula mpaka nilipoondoka. Maendeleo: hakuna.

Nguo hizi za kaki ni zangu kuukuu za kazini. Nimezitenga kwa ajili yake peke yake, zinatundikwa kwenye msumari nyuma ya choo. Kanzu haimkaribii. Mate ya mbwa ni najisi, na kuosha mara saba, moja kwa udongo, si mchezo kwa mtu anayewahi kazini. Mama amesema hilo lisivuke ua wa nyuma. Hasemi mbwa. Asema "hilo".

Askari wa mifugo atakuja tarehe 28. Akimkuta bado mkali, risasi papo hapo. Nimetia sahihi kukubali.

Jumanne, 8 Oktoba

Meneja wa bohari yetu amerudi kwao Ulaya. Wenzake wanafungasha mmoja mmoja, hawataki kuiona Desemba ya Uhuru. Yeye aliacha meza, feni na mbwa. Mbwa wa kizungu, kichwa kipana, shingo nene, masikio yamekatwa. Makovu mgongoni. Siku ya pili baada ya bwana kuondoka alimuuma Katana, mlinzi wetu, mkono wa kushoto. Wakasema auawe. Nikasema nitamchukua mimi.

Sijui kwa nini nilisema.

Uongo. Najua. Leo sitaki kuandika.

Jumatano, 9 Oktoba

Katana ni jirani yangu hapa Chaani. Amepita jioni, mkono umefungwa bendeji, watu wamejaa barazani.

"Karani, hebu nionyeshe vidole vyako."

Nikamwonyesha kumi.

"Haya. Kesho nitahesabu tena."

Walicheka mpaka aliyekuwa akinyolewa akakatwa. Mama amenikasirikia mimi, si Katana.

Mbwa: karuka mara mbili. Maendeleo: hakuna.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimechelewa kutoka msikitini. Mbwa alikuwa hajala tangu jana. Nikapitiliza moja kwa moja na bakuli, kanzu mwilini, kofia kichwani. Nimekuja kuzinduka niko hatua mbili kutoka kwake.

Hakuruka. Alisimama, akanusa hewa. Akala mimi nikiwa pale pale.

Nimerudi ndani nikafungua daftari hili. Siku zote nilizomwendea na kaki, karuka. Hakuna hata moja aliyotulia. Nimesoma mara tatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jaribio. Asubuhi kaki: karuka. Jioni kanzu: katulia. Ana alama nyeupe kifuani, umbo la kopa kwenye karata. Nitamwita Kopa. Lile jina alilopewa na bwana likitajwa hujikunyata.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika sasa, nisipoandika sitalala.

Bwana alivaa nyeupe, kuanzia shati mpaka soksi. Sisi wote wa bohari tulivaa kaki. Kila jioni mbwa alifungwa, mtu wa kaki akampiga bakora, kisha bwana akamlisha kwa mkono wake. Alitaka ajifunze nani wa kumchukia. Zamu ya kupiga ilikuwa ya Katana. Siku moja Katana aliumwa na homa. Bwana akaniita mimi.

Nilipiga. Mara nne. Kwa kaptula hii hii. Pengine ningekataa ningefukuzwa kazi. Sikujaribu kukataa.

Na tangu nimlete nimekuwa nikimwendea kila asubuhi na nguo ile ile iliyompiga, ili kanzu yangu ibaki safi.

Jambo jingine linanichefua. Akiniona na kanzu hii nyeupe, huenda adhani bwana wake amerudi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kanzu haitatosha. Askari wa mifugo huvaa kaki. Lazima Kopa ajue kaki si bakora. Siku kumi na nne.

Nimetandika shati la kaki chini, bakuli juu yake. Nimekaa kando na kanzu. Hakula.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amekula nusu, mwili mzima umeelekea nyuma kama anayetaka kukimbia. Halafu akalamba upindo wa kanzu yangu. Kanzu ya Idi. Nimeganda. Furaha na kero pamoja.

Nimeiosha uani. Mama alikuwa jikoni akikuna nazi, ananihesabia kwa sauti.

"Ya nne hiyo."

"Ya tano, Mama."

"Ya nne. Nilikuzaa mimi, usinidanganye. Na udongo hujatia."

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimevaa shati la kaki juu ya kanzu. Kanguruma, hakuruka. Nimefanya kosa la hesabu kwenye nyaraka za kazini mara mbili. Sijawahi. Kila dakika naiwaza ile tarehe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kaki kamili, shati na kaptula. Nilidhani yuko tayari. Karuka, meno yakapasua upindo wa kaptula. Ngozi nzima, Alhamdulillahi. Nilipiga ukelele, naye akalala chini mwenyewe, amefumba macho. Anangoja kupigwa. Hilo limeniumiza kuliko meno.

Siku nne. Sina njia nyingine.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimekwenda kwa Katana. Nimemweleza habari yote ya kaki, na ile siku ya homa yake. Alinisikiliza, anatafuna tambuu.

"Mimi nilimpiga mwaka mzima," akasema. "Wewe mara nne, na waja kulia mlangoni kwangu?"

Nikaondoka. Niliona haya njia nzima, nayo ni nyumba tatu tu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Katana amekuja asubuhi bila kuitwa. Sare ya kaki, mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Bakora hana. Mama alipomwona akajifungia jikoni.

Nilimwambia angoje, mnyororo niufupishe. Hakungoja. Aliketi chini mahali mnyororo usipofika, akampa mbwa mgongo. Akala mihogo yake. Asema kwao Kaloleni mbuzi aliyeogopa hatazamwi, hupewa mgongo mpaka achoke kuogopa.

Kopa alibweka mpaka sauti ikamkauka. Kisha akatetemeka. Kisha akalala. Saa nzima. Katana akasogeza kiuno nyuma kidogo, akatupa kipande cha muhogo juu ya bega. Kililiwa.

Hakugeuka. Lakini niliona uso wake. Alikuwa akitokwa machozi, na kutafuna haachi.

Jumapili, 27 Oktoba

Katana tena, asubuhi na jioni. Mimi pia na kaki, kaptula iliyopasuka. Tuliketi wawili, migongo kwa mbwa, kama watu waliokosana naye. Jioni pua yake iligusa kiwiko changu. Ya maji. Nikaenda nikaosha mara saba, nikarudi nikaketi tena.

Sina hakika na kesho. Hata kidogo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Askari wa mifugo aliingia saa tatu. Kaki mpya yenye pasi, bunduki begani. Nami nilivaa kaki. Niliona si haki nijifiche ndani ya kanzu.

Kopa alimwona akasimama. Manyoya ya shingo yakasimama. Nikampa mgongo, nikachuchumaa. Nilijua akitaka shingo yangu ataipata. Nilisikia mnyororo ukiburuzwa. Kisha uzito wake wote ukaniegemea mgongoni, anatetemeka. Mkojo ulimtoka, nikasikia joto mpaka kwenye soksi.

"Huyu ndiye mla watu?" askari akauliza.

"Mimi ndiye niliyeliwa, afande," Katana akasema kutoka mlangoni. "Na mimi ndiye niliyemwanza."

Askari alimzunguka mara mbili. Akapiga mguu chini kwa makusudi. Kopa alijificha zaidi. Akaandika kwenye karatasi yake: afungwe daima, avishwe ukosi wenye kibati. Akaenda zake.

Katana ndiye aliyenishika mkono, akaniinua.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Bohari wameniagiza niandike hati ya sare mpya za walinzi kwa ajili ya Uhuru. Nimeuliza rangi. Kaki, wakasema.

Kopa amelala juu ya lile shati. Bado akisikia fimbo ikianguka hujikunyata. Itachukua muda. Sijui kiasi gani, na leo sikuandika neno maendeleo.

Baada ya chakula cha mchana Mama amekwangua ukoko wa wali, akautia mchuzi, akanipa bakuli.

"Mpelekee Kopa. Yuwangoja."

Nimempelekea. Amelamba mkono wangu wote, mpaka kwenye kifundo. Nimeuosha uani, kwa udongo kwanza.

Mama alikuwa jikoni. Hakuhesabu.