Kisigino Nyuma ya Pazia

Kibuli, Kampala

Dada yangu mpendwa Kulthum,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima huko Mbale, wewe, shemeji na watoto. Sisi twamshukuru Mungu, ila Mama bado anaswali ameketi kitini, na nataka ujue chanzo chake.

Bosi wangu Ojara, mwenye kliniki ya Ntinda, alinunua mashine ndogo ya kupima mifupa, ya kubeba mkononi. Unaingiza kisigino tu. Tukaileta hapa Kibuli. Akina mama hawakutaka mwanamume awaone miguu, basi nikatundika pazia: wao upande ule, kisigino kikitokeza upande huu. Kila kisigino Ojara alikitangazia kuwa mifupa imekauka kama mkate wa juzi, kisha akauza unga wake wa dawa. Mama yetu naye aliambiwa na Ojara asisujudu tena, atavunjika. Nilimpeleka hospitali kwenye mashine kubwa, daktari akasema mifupa yake ni mizima. Mama hakuamini. Nilipomweleza Ojara, alicheka, akasema mama mwenye hofu ndiye mteja mzuri.

Jumamosi mimi na Ojara tulirudi hapa Kibuli na mashine. Kisigino kimoja kilipotokeza, Ojara, bila hata kutazama mashine, alitangaza kuwa bibi huyu ameoza, asiinuke bila kushikwa. Sauti ya nyuma ya pazia ikamuuliza kama hivyo ndivyo anavyomwamkia mama yake mzazi.

Alikuwa Mama Aol, amefika kutoka Gulu bila taarifa. Wanawake walicheka, lakini yeye aling'ang'ania kiti akilia. Ojara akapiga magoti, akaapa kuwa yu mzima. Mama yake akauliza basi mashine imesema nini. Mbele ya watu wote ikambidi akiri kwamba mashine haikusema kitu, anayesema ni yeye. Jirani yetu Nuriat akamuuliza kama ule unga basi ni wa uji.

Sasa anatafuta nani alimketisha mama yake pale. Dada, ni mimi. Yule bibi alipofika akimuulizia, nilimwambia kuwa mwanawe anapima watu, naye apimwe kwanza. Nilimvua kiatu kwa mikono yangu. Nilijua atatishika, na nilitaka atishike, mwanawe amwone.

Jumatatu nitaulizwa kazini. Usimwambie Mama. Atanipeleka kwa yule bibi kuomba radhi, nami nitaomba kwa midomo tu.

Wabusu watoto, umsalimu shemeji.

Mdogo wako,
Sundus