Mzee wa Juu Ana Shughuli

Ngelo, 9 Januari

Mama mpendwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Idi. Nikishika kalamu Lintang anaamka, akilala nami nimelala, kalamu mkononi. Najua simu yako inakaa kwenye droo ya mwajiri, kwa hiyo naandika. U mzima? Mgongo unaendeleaje na yule bibi unayembeba kumwogesha? Sisi wazima. Lintang ana meno mawili, ila kifua kinambana usiku. Baba yake bado yuko kwenye mashamba ya michikichi huko Kalimantan. Babu mzima, na ubishi wake mzima.

Mlima umeanza kuchemka na kutema majivu. Watu wa wilayani wamenichagua niwafundishe wanawake wa huku juu mambo ya majivu: kufunika visima, kukata majani ya ng'ombe mapema, kuvaa barakoa, na kufagia paa majivu yangali makavu, wawili wawili, mmoja chini ameshika kamba. Mvua ikishayalowesha yanakuwa mazito kama zege, na hapo hakuna kupanda. Kila nyumba imekubali isipokuwa yetu.

Babu anautazama mlima, anasema, "Mzee wa Juu ana shughuli yake. Utafagiaje watu wangali wanakula? Unamfukuza mwenye shughuli?"

Nikamwambia, Babu, shughuli hii itatuangushia nyumba.

Akacheka. "Juzi nilikuwa nakufuta kamasi, leo unanifundisha paa nililoliezeka mwenyewe!"

"Basi na kamasi za Lintang utazifuta wewe vigae vikimwangukia."

Akachukua kahawa yake akaenda kunywea nje.

Mama, anayemsikiliza ni wewe tu. Mwandikie. Boriti ya jikoni imeliwa na mchwa. Na barakoa za hapa ni za wakubwa, zinamfunika mtoto mpaka macho.

Mwanao,
Wening


Hong Kong, 26 Januari

Mwanangu Wening,

Nimeisoma barua yako msalani, ndiko ninakopata kukaa peke yangu. Mimi mzima, mgongo ni wangu nimeuzoea. Busu la Lintang lipo kwenye kifurushi, pamoja na barakoa ndogo. Mpake mafuta kifuani usiku, si mgongoni kama ulivyopenda wewe.

Haya ya chini msomee Babu kwa sauti:

Baba, shikamoo. Tangu niondoke sijakuomba kitu. Leo naomba. Paa lifagiwe. Mtoto anayelala chini yake ni damu yangu, nami niko mbali, siwezi kumwondoa. Niahidi, Baba.

Wening, usimbembeleze. Mwambie, binti yako Lasmi amesema.

Mamako


Ngelo, 8 Februari

Mama, shikamoo. Hujambo na kazi? Sisi hatujambo, naandika mbiombio.

Nilimsomea. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Mwambie mama yako paa litafagiwa, na nitalifagia mimi. Ila shughuli ikiisha."

Sikubishana tena, nilishukuru amekubali. Ameshafunga fagio jipya la chelewa, amelisimamisha mlangoni. Lintang anaivua barakoa anaitafuna. Honi ya hatari ya kijiji ikilia tutashuka shuleni kujikinga.

Mwanao,
Wening


Hong Kong, 20 Februari

Wening mwanangu,

Nimeona mlima ukilipuka kwenye televisheni ya bibi. Mwajiri alinipa simu, yako haipatikani. Mko wazima? Lintang anapumua vizuri? Baba je? Paa lilifagiwa?

Mamako


Hong Kong, 15 Machi

Mwanangu, niandikie hata neno moja.

Mamako


Ngelo, 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Lintang mzima, kifua kizuri. Mimi mzima. Babu hatunaye.

Wakala aliyekupeleka kazini alitaka kukupigia, nikamkataza, nikasema nitamwandikia mwenyewe. Kisha nikakaa.

Tulishuka shuleni sote, na Babu. Majivu yalianguka usiku kucha. Alfajiri mlima ukatulia, mvua ikanyesha. Nilikuwa nagawa maji. Babu alimwambia jirani yetu Bu Tini, "Shughuli imekwisha, na nina ahadi na binti yangu. Wening asiambiwe, atanifunga kamba kama mbuzi." Bu Tini akacheka, akadhani utani.

Alirudi nyumbani akapanda paani peke yake, majivu yameshalowa. Upande tunaolala mimi na Lintang aliufagia wote, hakuacha hata kwenye maungio ya vigae. Upande wa jikoni ndiko boriti ilikokatika, akaanguka nayo.

Tumemzika karibu na kaburi la Bibi, mkewe. Watu walikuja wengi, wakapika wao. Mimi bado sijalia. Nafua nguo, naanika, zinajaa vumbi, nafua tena.

Usiseme ni barua yako, Mama. Najua umeshasema. Nakukataza. Aliomba isomwe mara mbili, na chumba tunacholala kimesimama.

Wanawake wameniuliza kama nitaendelea kuwafundisha, maana mlima haujamaliza. Naendelea. Sasa nawaambia na hili: mzee akisema atafagia, muulize lini.

Tunahitaji bado: turubai kubwa la kuziba jikoni. Barakoa ndogo mbili, ile imetafunwa ikaisha. Dawa ya macho. Mafuta ya kifua, yale yale. Kamba nene ya kupandia paa, ndefu ya kumfikia mtu aliyesimama chini.

Fagio usitume. Lipo.

Mwanao,
Wening